Tukimfukuza mtoto jimu, atanyanyua zege uani

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji huu umejaa vitu ambavyo zamani tulivifuata Dar es Salaam, na jimu ni kimojawapo. Kuanzia Area D hadi Kisasa, Ipagala na Nzuguni, fremu ambayo jana iliuza saruji na misumari leo ina vioo ukutani, vyuma na muziki. Watumishi wanapita hapo jioni wakitoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Vijana wa sekondari wamewafuata, na sasa hata wa darasa la saba wanachungulia. Kwenye baadhi ya milango hiyo limebandikwa tangazo kwamba aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, na wazazi wengi ninaozungumza nao wamelipokea kwa furaha. Wanasema mtoto wa miaka 13 akinyanyua vyuma atadumaa, na kwamba mwenye jimu anayemrudisha nyumbani anamlinda. Naona jambo hili tumelielewa vibaya, na wanaoumia kwa kutoelewa huko ni watoto wenyewe. Miaka 13 si umri wa mapema kuanza mazoezi ya nguvu. Kinachomdhuru mtoto ni kuyaanza peke yake, kwa uzito asioujua, mbele ya wenzake wanaomshangilia. Tangazo la mlangoni linampeleka huko huko.

Tuanze na kinachotokea mlango ukishafungwa. Kijana harudi nyumbani kusoma. Anatafuta kipande cha bomba, makopo mawili ya rangi, na zege lililobaki kwa fundi anayejenga jirani. Na kwa Dodoma ya sasa hakuna mtaa usio na fundi anayejenga. Zege likikauka, vyuma vimepatikana. Shida ni kwamba hakuna anayejua vina kilo ngapi. Lita moja ya zege ina takriban kilo 2.4. Kopo la lita 4 likijazwa linakaribia kilo 10, kwa hiyo pande mbili ni kama 20 kabla hujahesabu bomba. Ndoo ya rangi ya lita 10 inatoa kilo 24 kila upande, jumla 48, na huo ni uzito unaozidi mwili mzima wa watoto wengi wa umri huo. Kati ya makopo na ndoo hakuna hatua nyingine: kijana anatoka 20 anaparamia 48. Anaparamia kwa sababu wenzake wamesimama wanahesabu, na anayeshindwa atachekwa shuleni wiki nzima. Mpwa wangu wa miaka 13 aliletwa kwangu likizo ya Desemba akichechemea, ukucha wa kidole gumba cha mguu umekuwa mweusi. Zege lilikuwa limemponyoka. Mama yake alimkataza jimu miezi miwili kabla, kwa nia njema kabisa, na mimi nilimuunga mkono dada yangu.

Kidole hicho si bahati mbaya ya mtoto mmoja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulichambua majeraha ya vyuma yaliyofikishwa kwenye vitengo vya dharura vya hospitali. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, theluthi mbili ya majeraha yalikuwa ya viganja na nyayo, na mengi yalitokana na kuangukiwa au kubanwa na chuma. Misuli kuvutika na viungo kuteguka, majeraha tunayoyahusisha na kunyanyua kwenyewe, yaliongezeka kadiri umri ulivyopanda. Maana yake ni kwamba kinachomtuma mtoto hospitalini mara nyingi ni kukosa mtu mzima wa kusema weka hapa, ondoa mguu, usilale chini ya chuma hicho ukiwa peke yako. Hayo ni majeraha ya kukosa usimamizi, na usimamizi ndiyo hasa tunaoupunguza tunapomtoa mtoto ndani ya jengo na kumwacha nyuma ya nyumba.

Hofu ya kudumaa ina asili yake, na si busara kuidharau kabla ya kuijua. Mifupa mirefu ya mtoto, kama ya paja na ya mkono, hurefuka kwenye tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake, ambazo madaktari huziita sahani za ukuaji. Tabaka hizo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Kwa wasichana wengi hufunga kati ya miaka 14 na 16, kwa wavulana miaka miwili hivi baadaye, na zikishafunga urefu umekwisha. Zikivunjika vibaya kabla ya hapo mfupa unaweza kupinda au kubaki mfupi. Miaka ya 1970 na 1980 madaktari waliandika habari za vijana kadhaa waliovunjika hapo, hasa kwenye kifundo cha mkono, wakinyanyua juu ya kichwa uzito wa mwisho wa uwezo wao, wengi wao bila mwalimu. Kabla ya hapo, mwaka 1964, watafiti wa Japani walieleza watoto wa maeneo ya pembezoni waliokuwa wafupi kwa umri wao na waliofanyishwa kazi nzito za kubeba mizigo. Habari hizo zilisafiri zikipoteza maelezo njiani. Kilichofika kwetu ni sentensi moja tu: chuma kinadumaza.

Lakini zisome tena. Watoto wa Japani hawakuwa jimu. Walikuwa vibarua wa kubeba, katika mazingira ya ufukara, na mtoto anayekula kidogo huku akifanya kazi ya mtu mzima ana sababu nyingi za kuwa mfupi. Waliovunjika vifundo vya mikono walikuwa wakijaribu uzito wa mwisho, si wakijifunza. Taarifa ya pamoja ya wataalamu wa nchi mbalimbali, iliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la British Journal of Sports Medicine, ilipitia ushahidi uliokuwepo na haikuona kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa na kusimamiwa yanapunguza urefu wa mtoto. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa na tahadhari nyingi juu ya vyuma, kilifikia msimamo unaofanana na huo katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani mwaka huo huo lilitaka watoto wa miaka 5 hadi 17 wawe na wastani wa dakika 60 za shughuli za mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na kazi ya kuimarisha misuli na mifupa. Miaka 5, si 18.

Wapo wanaosema: mbona wanyanyua vyuma wa Olimpiki ni wafupi? Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, aliyechukua dhahabu tatu mfululizo kuanzia Seoul 1988, alikuwa na sentimita 147 tu. Ni kweli, na alianza akiwa mdogo. Lakini Lasha Talakhadze wa Georgia, aliyekuja kuchukua dhahabu zake tatu tangu Rio 2016, ana sentimita 197. Mchezo huo una madaraja ya uzito, na katika madaraja ya chini mwenye mikono na miguu mifupi ana nafuu, kwa sababu chuma kinasafiri umbali mdogo. Mfupi huchaguliwa na mchezo, kama mrefu anavyochaguliwa na mpira wa kikapu. Hakuna anayesema kurusha mpira kwenye kikapu kunarefusha.

Nashangaa pia jinsi hofu hii inavyochagua mizigo. Shule zetu za msingi zina mchakamchaka. Mtoto anayekimbia huweka kwenye mguu, kwa kila hatua, nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Wa kilo 40 anatua na kilo 80 hadi 120, mamia ya mara kabla ya kengele ya kwanza. Akichelewa anaruka kichura, na kutua kwa kichura ni kuzito zaidi, tena amechoka na magoti yamekunjwa hadi mwisho. Sijawahi kusikia mzazi akilalamika kwamba kichura kitafunga mifupa. Toka nje kidogo ya mji, Bahi au Chamwino, kiangazi maji yakiwa ni ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo, umkute binti wa miaka 12 na ndoo ya lita 20 kichwani. Hiyo ni kilo 20 ukiacha ndoo yenyewe, na njia inaweza kuwa ndefu. Jioni anashika mchi kutwanga. Huyo anaitwa mchapakazi, wakati kaka yake akishika chuma cha kilo 5 anaambiwa atadumaa. Sisemi kwamba kwa kuwa ndoo ipo basi vyuma ni sawa. Kubeba maji kila siku kunaumiza shingo na mgongo wa watoto wengi. Nasema kwamba mzigo usiopimwa, usio na siku ya kupumzika, juu ya tumbo lisiloshiba, ndio unaofanana na ule wa Japani. Kama tunataka kuogopa, tuogope huo.

Na neno lenyewe, kudumaa, tunalitumia mahali pasipo pake. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Hawa hawajawahi kuona jimu. Walidumaa ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mwaka wa pili, kwa lishe duni ya mama, kwa uji usio na kitu ndani yake, kwa kuhara kusikoisha. Mtoto akifika miaka 13 akiwa mfupi, sehemu kubwa ya sababu iko nyuma yake kabisa. Kuilaumu nondo ni kuisamehe sahani ya chakula.

Mtoto anapata nini, basi? Si misuli ya kutuna. Kabla ya kubalehe homoni za kujaza mwili bado ni chache, na nguvu anayoipata hutoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu: ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja na kwa mpangilio. Ndiyo maana kijana anaweza kuwa na nguvu zaidi baada ya miezi miwili na fulana ikabaki ile ile. Mzazi anayemtafuta baunsa kwenye kioo atasema hakuna kitu, na kijana mwenyewe atavunjika moyo asipoelezwa mapema. Faida kubwa zaidi naiona kwenye mifupa. Karibu robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima hujengwa katika miaka miwili tu inayozunguka kilele cha kurefuka, ambacho kwa wasichana huja takriban miaka 12 na kwa wavulana 14. Mfupa hujengeka ukisukumwa na ukilishwa. Tangazo la miaka 18 linamwambia kijana asubiri mpaka dirisha hilo lifunge.

Halafu kuna majeraha ya mpira, jambo linalopaswa kumgusa kila mwalimu anayeandaa timu ya UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watoto wapatao 3,900 wa miaka 7 hadi 13 wanaocheza mpira katika nchi nne za Ulaya. Nusu ya timu zilipasha moto kama kawaida, nusu zilifanya kwa dakika 15 hadi 20 mazoezi ya FIFA ya kuimarisha miguu na kiwiliwili, kusimama mguu mmoja na kuanguka salama, yote kwa uzito wa mwili wenyewe. Majeraha yalipungua kwa karibu nusu. Hakukuwa na chuma hata kimoja. Viwanja vyetu vya vumbi, vyenye mawe na mashimo, vinahitaji maandalizi hayo kuliko nyasi za Uswisi.

Hoja za upande wa pili zenye uzito wa kweli ziko kwingine, na nazichukulia kwa uzito huo. Ya kwanza ni walimu. Ushahidi wote nilioutaja una sharti moja: kusimamiwa na mtu anayejua. Katika jimu nyingi za mtaani anayeitwa mwalimu ni kijana aliyejaza mwili, na kujaza mwili wake si sawa na kujua mwili wa mtoto. Chuo cha michezo Malya kinatoa walimu, lakini hawatoshi nchi nzima, na shule nyingi zina mwalimu wa michezo aliyepewa kazi hiyo kwa sababu ni kijana na ana raba. Mwenye jimu anayekataa watoto kwa kuwa hana wa kuwasimamia ni mkweli, na namheshimu. Ila hoja hiyo inataka tutafute msimamizi. Haisemi kwamba umri ndio kosa.

Ya pili inanisumbua zaidi: chakula. Dodoma ni nchi kame. Mvua ikigoma, nyumba nyingi za Kongwa, Mpwapwa na Chamwino hula mara moja kwa siku, ugali wa uwele au mtama na mlenda, na wapo wanafunzi wanaoshinda shuleni bila kitu mpaka saa 9 alasiri. Mtoto huyo usimwongezee kazi ya mwili. Atachukua kwenye ukuaji alichopaswa kukitumia kurefuka, na hapo hofu ya wazazi itakuwa na ukweli. Kwa hiyo shule isiyo na uji wa mchana ianze na uji. Lakini anayekula vya kutosha hahitaji kopo la unga wa protini linalouzwa kaunta. Mtoto wa kilo 40 anahitaji takriban gramu 38 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6, gramu 100 za karanga zina kama 25, na maharage, dagaa na maziwa vinamalizia. Karanga hizo zinalimwa hapa hapa.

Ya tatu ni kioo na simu. Kijana anaona kwenye simu mwili uliojengwa kwa miaka 10, au kwa sindano, akiambiwa ni wa siku 30. Hili ni tishio, kwa sababu njia ya mkato ipo na ina muuzaji. Steroidi za kujaza misuli hufunga sahani za ukuaji kabla ya wakati wake. Kijana anaacha kurefuka akiwa bado na miaka ya kurefuka. Kama kuna kitu kwenye mazingira ya jimu kinachoweza kumfanya mtoto awe mfupi kweli, ni hiki, wala hakihitaji chuma. Tangazo la mlangoni halikitaji. Ningependa lisomeke hivyo: hapa hatuuzi wala hatuchomi sindano, na ukiulizwa umeuziwa na nani, sema.

Nikiambiwa niandike utaratibu, ningeanza bila chuma kabisa. Miezi miwili ya mwanzo ni pushapu za kuegemea ukuta kisha sakafu, kuchuchumaa na kusimama, kuning'inia, na kujifunza kuinua kijiti cha ufagio kama vile kina kilo 50: mgongo umenyooka, magoti yanafuata vidole vya miguu, pumzi haishikwi. Mara 2 au 3 kwa wiki, siku zisizofuatana. Kisha uzito mdogo ambao mtoto anaweza kuurudia mara 8 hadi 15 bila umbo kuharibika, na ukizoeleka uongezwe kwa asilimia 5 hadi 10, si zaidi. Hapa ndipo zege linaposhindwa, na hapa ndipo dumu linapofaa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 5 lenye lita 3 ni kilo 3. Wiki mbili baadaye unaongeza robo lita. Shule yoyote inaweza kuwa na madumu 20 na kopo la kupimia, na likidondoka halivunji kidole kama zege. Kupima nani mwenye nguvu zaidi kwa kunyanyua uzito wa mwisho kuwe marufuku kabisa mpaka mwili ukomae. Mwenye selimundu, kifafa kisichodhibitiwa, tatizo la moyo au shinikizo la damu aonwe na daktari kwanza, na kwa joto la Oktoba hapa kwetu maji ya kunywa yawepo pembeni kwa kila mtoto.

Jimu nazo zina nafasi yao. Asubuhi ya Jumamosi vyumba vile huwa karibu vitupu. Vijana wa miaka 13 hadi 17 watengewe muda wa saa mbili, kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa, mwalimu mmoja kwa watoto wasiozidi 10, vyuma vizito vimefungiwa. Halmashauri ya jiji hutoa leseni za biashara hizi. Inaweza kuuliza, pamoja na choo na njia ya dharura, ni nani anayefundisha na amesomea wapi.

Na itengwe saa ya wasichana. Mjadala huu wote, kwenye vijiwe na kwenye makundi ya wazazi, unamzungumzia mvulana na kifua chake, ilhali anayejenga mifupa kwa kasi kwenye miaka 12 ni binti. Wengi wao huacha michezo hedhi inapoanza, kwa aibu, kwa kukosa taulo, kwa kukosa mahali pa kubadilishia nguo. Kinachobaki mikononi mwao ni ndoo na mchi, na hivyo havipumzishwi siku ya pili. Mwalimu wa kike mwenye madumu 20 chini ya mti, Jumanne na Ijumaa, kabla hawajaondoka kwenda kuchota maji: ningeanzia hapo kabla sijagusa jimu hata moja ya Area D.